Black Creek: nyumba za wageni wa zamani, jirani na sisi wageni wa leo

Kaskazini-magharibi mwa Toronto, karibu na pale barabara ya Jane inapokatana na Steeles, kuna kijiji cha makumbusho ambacho hakuna mtu anayelala humo. Kina nyumba zaidi ya arobaini, za magogo, za mbao na za matofali. Kina kanisa, shule ya chumba kimoja, kinu cha maji, karakana ya mhunzi, duka, ofisi ya kupiga chapa na gesti ya wasafiri wa magari ya farasi. Kwa miaka mingi kilijulikana kwa jina la Black Creek Pioneer Village, yaani kijiji cha walowezi. Siku hizi kinajiita The Village at Black Creek. Treni ya chini ya ardhi ilipofika huku Desemba 2017, kituo cha jirani kilipewa jina la Pioneer Village, na sasa jina hilo linasomwa na maelfu ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kijijini kwenyewe. Watu wa Dar es Salaam tunaijua hali hiyo. Ni wangapi wanaopanda daladala za Makumbusho kila asubuhi bila kuwahi kuingia kwenye Kijiji cha Makumbusho kilichoipa sehemu ile jina lake?

Naandika kwa ajili ya jirani zangu. Ukitoka hapo kijijini ukaifuata Jane kwenda kusini, muda si mrefu uko kwetu, Jane na Finch, kwenye maghorofa marefu na nyumba za mistari zilizojengwa miaka ya 1960 na 1970 juu ya yaliyokuwa mashamba. Ndani ya basi la Jane utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Mombasa na cha Tanga, kimechanganyika na Kisomali, Kivietinamu, Kihispania na Kiingereza cha Jamaika. Madukani kuna dagaa, mihogo ya kugandishwa na unga wa sembe. Familia hizi zinapita nje ya uzio wa kijiji kila wiki, na wengi wanakiona kuwa ni mahali pa wazungu kukumbuka babu zao. Mimi naona ni mahali petu pia, na kwamba anayetaka kuelewa nchi hii aliyohamia, hasa habari ya ardhi yake, hana darasa lililo karibu zaidi kuliko hilo.

Nianze na swali ambalo wageni huwa hawaulizi: kwa nini pale pana nafasi? Toronto ni jiji ambalo kila kiwanja kimejengwa, lakini kando ya kijito cha Black Creek kuna miti, majani na njia za kutembea kwa miguu. Sababu ni mafuriko. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954, kimbunga kilichoitwa Hazel kilifika kusini mwa Ontario kikiwa na mvua ya zaidi ya milimita 200, juu ya ardhi iliyokuwa imeshalowa. Mto Humber, ambao ndio unaopokea maji ya Black Creek, ulifurika. Mtaa mmoja uliokuwa ukingoni mwa mto, Raymore Drive, ulipoteza watu 35 usiku ule. Kwa jumla walikufa watu 81 upande wa Kanada. Baada ya msiba huo serikali iliamua kwamba mabonde ya mito hayatakaliwa tena. Mwaka 1957 iliundwa mamlaka moja ya hifadhi ya mabonde ya eneo lote la Toronto, ikapewa uwezo wa kununua ardhi ya mabondeni na kuiacha wazi kwa umma. Mamlaka hiyohiyo, ambayo kazi yake ya kwanza ni maji na mafuriko, ndiyo iliyofungua kijiji hiki mwaka 1960 na ndiyo inayokiendesha hadi leo.

Nikisoma habari za Hazel nawakumbuka watu wa Jangwani, Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 kwenye bonde la Msimbazi yaliua zaidi ya watu arobaini, na serikali ikawahamishia wengine Mabwepande. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuligeuza bonde hilo kuwa eneo la wazi lenye bustani. Kwa hiyo tunapozungumzia bustani za umma tusidhani kwamba zote zilizaliwa na watu waliopenda maua. Nyingine zimezaliwa na maiti, na ni haki wanaotembea humo wajue.

Kabla ya kijiji kulikuwa na ghala. Ng'ambo ya makutano ya Jane na Steeles, upande wa Vaughan, lipo ghala la magogo la mwaka 1809, kazi ya mafundi wenye asili ya Kijerumani waliotoka Pennsylvania. Orofa yake ya juu ni kubwa kuliko ya chini, imetokeza nje ikibebwa na magogo marefu bila nguzo, ili mifugo ipate kivuli na mtu apate pa kusimama wakati theluji inaanguka. Miaka ya 1950 watu wa hifadhi waliona kwamba jengo la namna hiyo haliwezi kuachwa lioze, wakaweka humo zana za kilimo na vyombo vya nyumbani. Hayo yakawa makumbusho, na wazo likakua: kama ghala limefaa, kwa nini isiwe kijiji kizima?

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, nyumba za wakulima wa Uswidi zikavunjwa, zikasafirishwa na kujengwa upya juu ya kilima kimoja. Kutoka hapo mtindo ulienea dunia nzima. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, ni cha ukoo huohuo, tofauti ni kwamba kule nyumba zilijengwa na wenyewe waliojua kuzijenga, kila kabila kwa namna yake: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo. Mimi naupendelea mtindo wa Dar kwa sababu moja. Nyumba ya udongo na makuti haidumu, lazima ikarabatiwe kila mara, na kwa kuikarabati ufundi unabaki hai mikononi mwa watu. Nyumba ya magogo inaweza kusimama miaka mia mbili huku aliyeijenga na aliyejua kuijenga wote wameshasahaulika.

Black Creek ilikusanya nyumba zake kutoka sehemu nyingi za Ontario zilizokuwa zinabomolewa kupisha barabara na majengo mapya. Gesti, Half Way House, ilikuwa Scarborough kwenye barabara ya Kingston tangu miaka ya 1840. Nyumba safi inayoitwa Burwick ni ya mwaka 1844. Shule ilijengwa mwaka 1861 kwenye kitongoji cha Dickson Hill. Zote hizi nazitazama kwa heshima, lakini zimehama, na nyumba iliyohama imeacha mambo mengi nyuma yake: kisima, mti wa uani, jirani, njia ya kwenda sokoni.

Majengo ya familia ya Stong hayajahama. Ndiyo yanayonirudisha pale.

Daniel Stong na mkewe Elizabeth Fisher walikuwa wa wale Wajerumani wa Pennsylvania waliopanda kuja Kanada ya Juu, kama Ontario ilivyoitwa wakati huo. Mwaka 1816 walijenga nyumba ndogo ya magogo kando ya kijito. Mwaka 1832 walijenga kubwa zaidi hatua chache kutoka hapo, yenye vyumba saba. Ghala lao la nafaka, banda la nguruwe na kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi bado vipo mahali pao. Ukisimama katikati unaona maisha ya watu wawili kwa mpangilio wake: walipoanza bila kitu, walipopata, na vilivyowapa hicho walichopata. Jina lao limeenea mpaka jirani, maana Chuo Kikuu cha York, ambacho kampasi yake ilifunguliwa mwaka 1965 kwenye mashamba ya upande wa pili, kina kitengo kiitwacho Stong College.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Lushoto nilimpeleka kwenye ile nyumba ya 1816. Ni mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya kukandika, na hakutazama samani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona. Pale magogo ya kuta mbili yanapokutana, kila gogo limechongwa tako na kilemba ili lile la juu lilikalie na lisiteleze, bila msumari. Akapitisha kiganja. Kisha akatazama nafasi kati ya gogo na gogo, zilizozibwa kwa vipande vya mbao na kukandikwa juu yake, akabonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza ukuta wa nyumba ya mtu kabla hajasema neno.

"Hii walikuwa wanarudia kila mwaka," akasema.

Mhudumu, mama wa makamo aliyevaa gauni refu na aproni ya enzi hizo, alikuwa jikoni anachochea moto. Nikamtafsiria. Akakubali: baridi na jua hupasua, kila vuli lazima watu wapite na udongo au chokaa kuziba upya kabla ya theluji.

"Muulize huyu mama, usiku moto walikuwa wanauzima au wanaufukia?"

Wanaufukia. Makaa hufunikwa kwa majivu usiku, asubuhi yanafukuliwa na kupulizwa. Moto ukizimika kabisa, mtoto anatumwa kwa jirani na chombo kuomba makaa. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi tunaelewana." Wakashikana mikono, na yule mhudumu akampa kigoda akae karibu na moto, akabaki hapo muda mrefu wakionyeshana vyombo bila kunihitaji tena.

Majivu yalikuwa pia pesa. Hili wengi hawalijui. Mlowezi aliyepewa msitu wa misonobari na mialoni hakuwa na kitu cha kuuza kwa miaka ya mwanzo, isipokuwa majivu ya miti aliyoichoma. Aliyachuja kwa maji, akayachemsha kwenye masufuria makubwa ya chuma mpaka yakabaki magadi magumu, yakauzwa Uingereza kwa viwanda vya sabuni, kioo na nguo. Nyumbani wanawake walitumia maji hayohayo ya majivu pamoja na mafuta ya nguruwe kutengeneza sabuni. Kwa hiyo msitu uliokuwa umesimama miaka mia tatu uligeuzwa kuwa moshi na gunia la magadi, na pesa ile ya kwanza ndiyo iliyonunua shoka jingine na chumvi.

Kwa nini haraka ile ya kufyeka? Kwa sababu ya masharti. Aliyepewa ardhi na serikali ya Kiingereza alitakiwa, ndani ya muda mfupi, afyeke eka kadhaa, ajenge nyumba yenye ukubwa uliowekwa na asafishe barabara mbele ya kiwanja chake. Asipofanya, hati haipati. Msomaji wa Kenya ataisikia harufu ya jambo analolijua. Taji lilelile lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Taji mwaka 1902 kule Afrika Mashariki, na ya mwaka 1915 ikawapa walowezi wa nyanda za juu mikataba ya miaka 999. Mahali ni tofauti na watu ni tofauti, lakini karatasi ilitoka ofisi moja: ardhi inaitwa tupu, inapimwa kwa mistari iliyonyooka, inagawiwa kwa wageni kwa sharti la kuitumia.

Na haikuwa tupu. Kwenye ukingo wa kijito hichohicho cha Black Creek, si mbali na kijiji hiki, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto walianza kuchimba miaka ya 1950 na kukuta mabaki ya kijiji kikubwa cha karne ya 15, cha mababu wa Wahuron-Wendat. Watu hao waliishi kwenye nyumba ndefu za miti iliyopindwa na kufunikwa kwa magome, familia kadhaa za ukoo mmoja wa upande wa mama chini ya paa moja, kila familia na moto wake katikati. Walilima mahindi, maharagwe na maboga kwenye shamba moja: haragwe linapanda kwenye bua la hindi, boga linafunika ardhi isikauke. Bibi yangu kule Usambara angelitambua shamba hilo kwa kulitazama tu. Udongo ukichoka na kuni zikiwa mbali, kijiji kizima kilihama na kujengwa upya kwingine. Maradhi yaliyoletwa na Wazungu, kisha vita vya miaka ya 1640, viliwatawanya. Wazao wao wapo hadi leo, wakiwamo wale wa Wendake karibu na jiji la Quebec.

Baada yao, ardhi hii ilikuja kuwa ya Wamississauga, taifa jingine la wenyeji. Mwaka 1787 maofisa wa Kiingereza walikutana na wazee wao, wakagawa bidhaa, wakaondoka na hati ambayo baadaye ilikutwa haina maelezo ya ardhi iliyouzwa. Mwaka 1805 wakairudia kazi hiyo: zaidi ya eka 250,000, pamoja na sehemu kubwa ya eneo ambalo sasa ni Toronto, kwa shilingi 10. Tarakimu ni hizo, sijapunguza kitu. Miaka kumi na moja baadaye Daniel na Elizabeth Stong wakaweka gogo la kwanza. Mwaka 2010 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa Wamississauga wa Credit dola milioni 145 kumaliza dai hilo pamoja na dai jingine dogo.

Siwalaumu akina Stong kwa hati wasiyoiandika. Walikuja na watoto na shoka, kama sisi tulivyokuja na watoto na fomu za uhamiaji. Lakini kila ninapopita kwenye kona ile aliyoishika mama yangu, tarakimu za mwaka 1805 zinanijia, na naona ni halali zinijie. Sisi pia tunaishi ndani ya eka hizo. Kodi ninayolipa kila mwezi kwa chumba cha ghorofani inatokana na mkataba uleule.

Twende kinuni, maana watoto huwa hawawezi kungoja.

Kinu cha Roblin kilijengwa mwaka 1842 na Owen Roblin katika kijiji cha Ameliasburgh, karibu kilomita 200 mashariki mwa Toronto. Kilipokuwa kimeachwa kinabomoka, mamlaka ilikinunua, ikakileta na kukisimamisha upya kando ya bwawa. Nje kuna gurudumu kubwa la mbao. Maji yanashuka juu yake, uzito wa maji unalizungusha, na ndani meno ya magurudumu madogo yanauongeza mwendo mpaka unafika kwenye mawe. Mawe ni mawili. La chini halisogei. La juu linazunguka juu yake bila kuligusa, nafasi kati yao ni nyembamba kama karatasi, na yote mawili yamechongwa mifereji inayokata punje na kuusukuma unga nje pembeni. Msagaji anasimama kwenye mdomo wa mfereji wa unga akiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa wa moto, mawe yamekaribiana mno na unga utaharibika. Ukiwa na chenga, yameachana. Anarekebisha, anashika tena. Jengo zima la ghorofa kadhaa linatetemeka chini ya miguu, na vumbi la unga linakaa kwenye nyusi.

Sheria ya mwaka 1792 iliweka ujira wa msagaji: sehemu moja ya kumi na mbili ya nafaka iliyoletwa, si zaidi. Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga, ya dizeli au ya umeme, anaijua siasa ya mahali hapo. Foleni ya madebe, nani alitangulia, nani kapunjwa, habari za misiba na za ndoa zinazobadilishwa wakati wa kungoja. Serikali changa iliyokuwa haina barabara wala polisi wa kutosha iliona ni muhimu itunge sheria ya kumlinda mkulima na debe lake. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya sheria zenye akili zaidi za kipindi kile, na ningependa iandikwe ukutani pale kwa herufi kubwa.

Watoto wa Jane na Finch huuliza jambo jingine, na huuliza mapema: watu weusi walikuwepo? Walikuwepo, na si kwa namna moja. Machi 1793, huko Niagara, mwanamke aliyeitwa Chloe Cooley alifungwa kamba na bwana wake, akatiwa mashuani na kuvushwa mto kwenda kuuzwa Marekani. Alipambana na kupiga kelele, mashahidi wakaripoti kwa gavana Simcoe, na Julai mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuzuia kuingizwa kwa watumwa wapya. Haikumwachia huru hata mtumwa mmoja aliyekuwepo. Watoto wao waliozaliwa baadaye ndio wangekuwa huru wakifika miaka 25. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1834 katika sehemu kubwa ya himaya ya Kiingereza. Na kulikuwa na walowezi weusi wenye mashamba. Kuanzia mwaka 1819 serikali iligawa viwanja Oro, kaskazini mwa Toronto, kwa askari weusi waliopigana upande wa Waingereza katika vita vya 1812 dhidi ya Marekani. Walifyeka msitu uleule kwa shoka zilezile, na kanisa lao la magogo la mwaka 1849 bado limesimama. Nikiwa na watoto ndani ya nyumba ya Stong huwaeleza habari za Oro hapohapo, wakiwa wamegusa magogo, ili wasije wakadhani kwamba shoka lilikuwa na rangi.

Shuleni napo pana habari mbili. Chumba ni kimoja, jiko la kuni katikati, madawati ya watoto wadogo mbele na wakubwa nyuma, wote mwalimu mmoja. Mwaka 1871 Ontario ilifanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima, na mtu aliyeisukuma kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa Egerton Ryerson. Ni jambo kubwa, nami kama mtoto wa mwalimu nalisema bila kusita. Lakini Ryerson huyohuyo aliandika mwaka 1847 maoni juu ya shule za bweni za kazi kwa watoto wa wenyeji, na mfumo uliokuja baadaye uliwatenga watoto wapatao 150,000 na wazazi wao, lugha yao ikakatazwa, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Ndiyo maana chuo kikuu kilichokuwa na jina lake katikati ya jiji kikalibadilisha mwaka 2022 na kuwa Toronto Metropolitan. Vijana wetu wengi wanasoma pale. Wengine hawajui jina la zamani liliondoka kwa nini.

Yapo ya kupita haraka: kanisa ni zuri, duka lina mitungi mingi, mhunzi hupendeza akiwa kazini. Fundi wa mapipa namsifu zaidi, kwa sababu pipa bila gundi ni hesabu ngumu. Ofisi ya kupiga chapa itawafurahisha wanaopenda vitabu. Herufi za risasi zinapangwa moja moja kwa mkono, kinyumenyume.

Ninachowaomba jirani zangu ni kwamba msianze na Black Creek. Kama mtapata usafiri, nendeni kwanza Crawford Lake, karibu na Milton, magharibi mwa Toronto. Nayo ni bustani ya hifadhi, na humo nyumba ndefu za magome zimejengwa upya pale ambapo kijiji cha karne ya 15 kilikuwa. Ziwa lenyewe ni dogo na lenye kina, na tope la chini yake limelala kwa matabaka ya mwaka hadi mwaka bila kuvurugwa. Wanasayansi walipolitoa miaka ya 1970 walikuta chavua ya mahindi, wakajua kwamba hapo karibu palilimwa, wakatafuta, kijiji kikapatikana. Mwaka 2023 wataalamu walilipendekeza ziwa hilo liwe alama ya mwanzo wa enzi mpya ya dunia inayobadilishwa na binadamu. Mwaka uliofuata pendekezo lilikataliwa kwa kura, lakini tope lipo. Ingieni kwenye nyumba ndefu, kaeni kwenye vitanda vya pembeni, waonyesheni watoto mahindi na maharagwe. Kisha siku nyingine nendeni Black Creek. Mfuatano huo unabadilisha unachokiona: nyumba ya mwaka 1816 inaacha kuwa ya kwanza.

Kuhusu kiingilio, maktaba za umma za Toronto zina utaratibu wa kuwapa wenye kadi pasi za bure za kuingia makumbusho mbalimbali kwa familia. Pasi hazitoshi kila mtu na huisha haraka, kwa hiyo ulizeni mapema ni za wapi zilizopo wiki hiyo. Angalieni pia ratiba ya kijiji kabla ya kutoka, kwa sababu hakifunguliwi kila siku mwaka mzima. Kwa sisi wa Jane, maktaba ya karibu ni York Woods, pale Finch, na kadi yenyewe ni bure kwa kila anayeishi jijini.